Upepo Si Pepo

Makambako,
14 Agosti 1952

Kaka yangu mpendwa Kefa,

Kamwene. Natumaini u mzima hapo Njombe, pamoja na shemeji Tabea na watoto. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina huruma. Mzee Enoki, msimamizi wetu, anakusalimu sana. Kenchi za paa la kanisa ziko tayari chini, zinangoja kupandishwa kabla ya mvua, na kutwa ananiuliza fundi Kefa anarudi lini. Kasema nafasi yako ataishika mpaka mwisho wa mwezi tu, kisha ataita fundi mwingine.

Sasa nikupe kisa. Hapa yupo Mama Kanta, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Anajua tiba za kwao, wanaziita Ayurveda. Nikamwendea, nikamweleza kwamba nikipanda ngazi magoti yanalegea, viganja vinalowa, na ardhi inazunguka. Akanishika mkono, akasikiliza mapigo, kisha akatamka kwamba mimi iko na pepo mingi. Pepo, kaka! Mimi mwimba kwaya! Nikanyakua kofia, huyo mlangoni. Mumewe alicheka hadi akakaa chini, ndipo akanieleza kuwa mkewe alikusudia upepo. Kwao mwili una upepo wake, uitwao vata. Ukivurugika, hofu inapanda kichwani na miguu inapoa. Hutulizwa kwa joto na mafuta.

Yule mama ni hodari, nakuambia kweli. Hana haraka, hana dharau. Alinifundisha kupasha mafuta ya ufuta na kuyasugua kwenye nyayo kabla ya kulala, kunywa maziwa ya moto yenye kungumanga, na kuvuta pumzi polepole kwa tundu moja la pua, kuitoa kwa jingine. Ngazi nayo, upande kipago kimoja, usimame mpaka pumzi itulie, ushuke. Kesho yake unaongeza.

Kaka, usikasirike. Hofu ile haikuwa yangu. Nilimpelekea ya kwako, kama ulivyonieleza tangu ulipoteleza paani, maana nakujua, usingekubali kuonekana ukiingia dukani kwa watu kutafuta ujasiri. Na wala sikufanikiwa kumdanganya yule mama hata kidogo! Jana alinigusa nyayo, akasema zina moto tangu siku ya kwanza, basi nimtajie mwenye hofu. Nikakutaja, machozi yakanitoka mbele ya wateja. Akanijazia chupa ya mafuta, akaagiza na pombe yako ya ulanzi ipunguzwe. Hapo najua utanuna.

Jumamosi nakuja na lori. Usianze kujisugua mwenyewe. Nilipokuwa najifunza kazi, wewe ndiye uliyenishikia ngazi. Safari hii kaa kitandani, nyoosha miguu, nikusugue mimi.

Wape watoto salamu zangu, na shemeji mwambie aweke maziwa motoni.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hapandishi kenchi hata moja bila wewe,

Sila