Rada na Jicho la Baba

Igogo, Jumatatu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ziwa halionekani.

Sahani ya bati ikikwaruza meza. Sauti hiyo tu ndiyo iliyobaki nami tangu jana. Baba aliisukuma taratibu kutoka mbele yake mpaka mbele ya mjomba Petro, na ndani yake mlikuwa na firigisi.

Nyumbani kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mama huitoa sufuriani kwanza, na hakuna anayeuliza. Sijapata kumwona Baba akimpa mtu.

Naandika nilichofanya, maana hakuna nitakayemwambia.

Wakati wa vita Baba alikuwa kwenye manowari ya Waingereza, kazi yake kusimama zamu na kutazama bahari kwa macho. Usiku mmoja wa mvua aliona nyambizi ya adui imeibuka, akapiga kelele, meli ikageuka, mizinga ikaizamisha. Kwa hadithi hiyo Igogo nzima humwita Jicho. Kila Jumapili baada ya misa wageni huja kula na kuisikia tena.

Jumamosi nilimwomba ruhusa ya kwenda chuo cha ualimu, Tabora. Nafasi nimeshapata. Hakuinua hata uso kutoka kwenye wavu aliokuwa akiushona.

"Umesoma inatosha. Mimi nimeokoa meli nzima, na darasa la pili sikufika."

Sikulia. Nilichukua kitabu cha vita nilichoazima maktaba ya shule, nikasoma sura ya rada mpaka nikaielewa.

Kabla ya rada, usiku ulikuwa mali ya nyambizi. Mchana zilijificha chini. Giza likiingia zilipanda juu na kuwinda. Rada ikazinyang'anya giza. Chombo kinatuma mawimbi yasiyoonekana, yanagonga chuma, yanarudi, na mtu aliyeketi chumbani anajua adui yuko upande gani.

Jana mezani Baba alifika pale anapopapenda katika hadithi yake. "Afisa akaniambia toka chumbani chini, kwa bomba la kupitishia sauti, tazama kulia! Nikatazama..."

Nikamkatiza. "Baba, afisa alijuaje kwamba ni kulia?"

Akaliweka tonge chini.

"Juu ya mlingoti hapakuwa na kitu cha chuma kinachozunguka?"

"Kilikuwapo. Kama chanja cha kukaushia samaki."

"Basi hicho ndicho kilichoona. Wewe ulielekezwa tu."

Mjomba Petro alicheka mpaka akapaliwa na ugali. "Jamani, shemeji! Miaka yote hii tunakuita Jicho, kumbe jicho lilikuwa la Mzungu! Wewe ulikuwa kope tu!"

Wageni wakaangua kicheko. Mama hakucheka.

Hapo ndipo sahani ilipokwaruza. "Kula wewe, shemeji," Baba alisema.

Naona aibu kuandika nilivyofurahi. Ilikuwa tamu.

Lakini ukurasa uliofuata nilikuwa nimeusoma pia. Unaeleza kwamba bahari ikichafuka, mawimbi ya maji yaliyo karibu na meli huijaza rada alama za uongo, na nyambizi ikiingia humo chombo huipoteza. Hapo lilibaki jicho la mtu wa zamu. Usiku ule bahari ilikuwa imechafuka. Baba husema hivyo kila anaposimulia. Rada ilimwonyesha upande. Nyambizi yenyewe aliiona yeye.

Nilijua. Nikanyamaza.

Leo asubuhi alinikuta nikiwasha moto.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akasukuma kuni moja ndani ya moto. Kisha akasema, "Nenda Tabora, mwanangu. Kumbe mimi nilikuwa sioni. Nenda wewe ukaone."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenipiga.

Nikimsomea ukurasa ule, atarudishiwa jicho lake, na pengine lile neno lake "inatosha" litarudi nalo. Tena atajua kwamba nilikuwa nimeshausoma nilipomvua nguo mbele ya watu. Nimelipima jambo hili mchana kutwa, nikitafuta njia ya tatu. Sikuipata. Au sikuitafuta sana.

Saa kumi nimekwenda shuleni nikinyeshewa, nikakirudisha kitabu na kutia sahihi. Kisha nimepita posta kutuma barua ya Tabora, kuwaambia kwamba baba yangu ameridhia.