Ukuta Anaoupapasa Mama

Mpendwa mdogo wangu,

“Teknolojia bora ni ile isiyoonekana.” Hayo ni maneno yako, uliyoyasema mbele ya wageni siku ulipomkabidhi mama nyumba uliyoikarabati, na ukapigiwa makofi. Nitayachana vipande hapo chini. Kwanza salamu, maana sijakasirika kiasi cha kusahau adabu. Hujambo? Wifi yangu mafua yamemwachia? Na yule mwanangu mtundu, bado anang'oa vifungo vya makochi? Mwambie shangazi yake anasema aendelee. Sisi huku wazima. Mama naye mzima, ukiondoa hili linalonifanya nikuandikie.

Bafu langu linavuja, kwa hiyo nimehamia kwa mama mpaka fundi amalize. Jioni ya kwanza nilitafuta swichi ya taa nikaikosa. Ukuta, mlango, kabati, vyote vimevikwa rangi moja ya chai iliyozidiwa maziwa, na swichi umeifukia chini ya kitambaa cha ukutani. Nikapapasa kama mwizi katika nyumba ya mama yangu mwenyewe. Asubuhi yake nikakatia vitunguu juu ya meza ya jikoni, mpaka ubao wa plastiki ukaanza kunuka. Kumbe ile meza ndiyo jiko! Mama alicheka, akasema hata yeye siku hizi anapika kwa kuotea. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Nilipokupigia simu, uliniambia nimezaliwa nimechelewa, kwamba gurudumu lilipobuniwa ningeliandikia makala ya kulilaani. Ukasema rangi hukuichagua wewe. Iliichagua akili unde ya kampuni yenu, iliyopitia picha za nyumba za dunia nzima ikaona rangi isiyomkera mtu yeyote. Nikakuuliza tangu lini kutomkera mtu kukawa ndiko kumpendeza. Ukajibu kwamba hilo si swali, ni mtego, na kwamba si bure mnaniita Wakili.

Sikia sasa. Mimi sichukii mashine. Kitambaa chenyewe kimetoka kwenye mashine tangu kabla babu hajazaliwa, na rangi za viwandani zimewavalisha watu wengi ambao zamani wasingeweza kununua nguo nyekundu. Ninachokichukia ni ninyi kuifanya pahali pa kujifichia. Mtu akiuliza kwa nini mlango hauna kitasa, mnajibu mfumo umependekeza. Kwa nini kila chumba kinafanana na bahasha? Mfumo. Umesomea rangi miaka na miaka, halafu ukiulizwa rangi unamnyooshea kidole asiye na uso!

Hapo ndipo uliponitolea ushahidi wako mkubwa. Ulisema kile kitambaa kina nyuzi zinazohisi mkono wa mtu na kupeleka taarifa kwenu, na kwamba hakuna mteja anayekishika kama mama. Anakipapasa kutwa nzima. Mashine imehesabu hayo kuwa ni mapenzi, ikaamua aongezewe: ukumbini, chumbani, hata kwenye milango. Sauti yako ilijaa furaha. Ulisema maisha yako yote ulitafuta kitu ambacho mama angekipenda hivyo. Mdogo wangu, nilikaribia kukuomba radhi.

Kisha nikaenda kumtazama. Alikuwa ukumbini, viganja vyote viwili ukutani, anasogea taratibu. Kweli, kwa mbali ungesema anabembeleza mtoto. Nikakaribia nikamsikia anajisemea: si hapa, si hapa, labda hapa. Alikuwa anatafuta mlango wa choo.

Mama haoni vizuri. Daktari alimwambia kabla hujaanza ukarabati. Rangi iliyokolea anaiona, lakini rangi hafifu juu ya rangi hafifu kwake ni ukungu mtupu. Nilimuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema mwanawe amemjengea pepo, atamwambiaje kwamba haioni? Akaniapisha nisikwambie, nami nimevunja kiapo changu katika barua hii. Atanuna, nitambembeleza. Afadhali anune kuliko avunjike nyonga.

Na si hilo tu. Leo mafundi wako walikuja na majora yao ya kitambaa kuvika milango. Nimewafukuza. Usiwakaripie, walinibishia sana. Walipoondoka nikachukua rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka geti, nikaupaka mlango wa choo kwa mkono wangu. Nimepaka vibaya, na matone yamechuruzika mpaka kwenye kitambaa chako cha thamani. Mama alitoka chumbani, akasimama mwisho wa ukumbi, akatazama. Halafu akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni, mikono yake ikining'inia tu, haina kazi.

Msalimie wifi, umbusu mwanangu. Mama angekusalimia, lakini hajui kwamba nakuandikia. Nawe, mbunifu wa rangi, nakutaka huku Jumamosi. Njoo na brashi na swichi zinazoshikika, na ile mashine uiache kazini kwenu. Ukae karibu na mama umuulize kwa mdomo wako: mlango wa chumbani kwake anautaka rangi gani? Kisha ufunge mdomo, usubiri akujibu.

Ni mimi dada yako,
Wakili