Mama Alipokuwa Akikuna Nazi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mwanangu. Huku Makorora sote wazima, na babu yako bado anagombana na redio yake. Umeniuliza nani alinifundisha kusoma Kiingereza kwa sauti, maana wewe huko bweni unaona haya.

Ni mama yangu, ambaye hakujua hata herufi moja. Kila alasiri alikalia mbuzi akikuna nazi, nami nikimsomea kitabu cha shule. Nikibabaisha tu, mkono wake unasimama.

"Hapo umepakimbia. Rudia."

Siku moja nikamuuliza anajuaje.

"Hicho Kiingereza sikijui," akasema, "lakini wewe nakujua."

Nilirudia mpaka nikaichukia nazi yenyewe. Kisha ikafika alasiri nikasoma ukurasa mzima, na mbuzi haikunyamaza hata mara moja. Mama hakunipigia makofi. Alikung'uta kifuu, akasema, "Leo nazi imekwisha upesi." Mpaka uzee huu sijapata sifa kubwa kuliko ile.

Jumamosi nipigie simu, unisomee ukurasa mmoja. Nitakuwa nakuna nazi.

Bibi yako