Pikapu Imezimika Igoma

Baba Specioza,

Wali uko kwenye hotipoti, maharage uyapashe. Simu yako haipatikani.

Gari usilitafute uani. Ulipoondoka tu, uchungu ukamshika Specioza, nikawasha hiyo pikapu yako. Tulipofika Igoma injini ikagonga, ikazima kabisa. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaniuliza, "Mama, mlibadilisha lini? Hii imekuwa lami. Injini ya dizeli kuukuu hivi haifai kupita kilomita elfu tano bila kubadilishwa oili."

Wewe husema kila Krismasi inatosha, na mimi mambo ya injini nitabisha vipi? Specioza analia kwenye kiti, nami nimemshika mkono tu.

Tumefika hospitali kwa bajaji. Daktari anasema kichanga kimekaa vibaya, wanamwandaa kwa upasuaji. Nimekuja mbio kuchukua khanga, narudi.

~~Kaa hapo na Krismasi yako.~~ Njoo, baba. Panda bodaboda, njoo sasa hivi. Anakuita wewe, anauliza mbona hufiki.

Mkeo,
Mama Specioza