Karani Anangoja Haya

Kaka yangu,

"Mbwa ni tumbo na mkia tu. Anamfuata mwenye mfupa, na mfupa ukiisha anamtafuta mwenye mwingine. Hayo mengine ni mambo ya sinema." Ndivyo ulivyoandika katika barua yako. Nimeyatanguliza maneno yako kabla ya salamu kwa makusudi, uyaone yalivyo yakisimama peke yake, bila kuegemea ukubwa wako. Sasa shikamoo. Natumaini mgongo umepoa, na shemeji na watoto hawajambo. Mimi mzima, ila kifua kilinilaza siku tatu na kimeniachia sauti ya mlango mbovu. Kalamu haikuugua.

Shemeji alinipigia simu siku moja kabla hujaandika. Alinisimulia kwamba mliwapeleka watoto kutazama sinema ya mbwa aliyemtafuta bwana wake milima na mabonde, na kwamba wewe, mtu mzima na mvi zako, ulilia mpaka ukaazima mtandio wake, na watoto wakakucheka njia nzima. Mimi sikukucheka. Kulia si kosa. Lakini kesho yake asubuhi, macho hayajakauka vizuri, ukakaa ukaandika kwamba mbwa wa baba apigwe sindano ya kifo Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ukatia sahihi, na kitinda mimba wetu akatia ya kwake chini ya yako kama mtu anayeshika foleni. Hebu nieleze, kaka. Mbwa wa kwenye kitambaa cheupe ana moyo, wa baba ana tumbo tu?

Basi tuanze na hilo tumbo. Tangu tumzike baba ni miezi minne, na miezi yote minne mbwa wake, Karani, analala kwenye kizingiti cha karakana ya baba. Muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, ambaye unaujua mdomo wake, aliwaapia wapiga soga wenzake kwamba ubavu mmoja tu utamhamisha. Akamwita, akarudi kinyumenyume hadi uani kwake huku akiupunga ubavu kama bendera. Karani akamfuata, akaupokea kwa adabu, akavuka nao barabara, akaja kuulia kizingitini. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu muuza nyama akavuka mwenyewe kuupeleka, huku akilalamika kwamba amesoma mpaka darasa la saba ili aje kuwa mhudumu wa mbwa. Mfupa uko ng'ambo, kaka, kila siku, na uani kuna kivuli. Kama ni tumbo, mbona linarudi?

Mimi nilimchukua kwangu. Alikula, hakubweka, alilala pale nilipomwonyesha. Alfajiri nikakuta kamba imetafunwa. Nilipofika karakana alikuwa kizingitini, ukucha mmoja umeng'oka. Ni safari ambayo mimi huifanya kwa mabasi mawili, na njiani nanung'unika.

Wewe uliondoka nyumbani mapema kutafuta kazi, pengine umesahau baba alivyokuwa akifanya kazi yake. Fundi makochi anahitaji mikono mitatu na Mungu kampa miwili. Mmoja unavuta kitambaa, mmoja umeshika nyundo, basi misumari hukaa mdomoni. Ndiyo maana maneno yake yalikuwa machache, na yote yalipita kwenye meno yaliyofumba. "Ngoja," aliwaambia wateja. "Ngoja," alituambia sisi tukiwa na njaa. "Ngoja," alimwambia Karani kila alipotoka kwenda kupima kochi nyumbani kwa mtu. Akirudi alisema "Haya," na mbwa akainuka. Kitinda mimba alishauri tumwambie hilo "Haya" tumalize kazi. Nilijaribu wiki nzima, kwa sauti nene na kwa sauti nyembamba, hata nikaweka misumari miwili mdomoni, mwanamke wa umri wangu. Alinitazama kwa yale macho yaliyompatia jina lake, macho ya karani anayeletewa fomu isiyo na mhuri, kisha akalaza kichwa.

Sasa tuseme kweli. Barua yenu inasema mbwa ni kero kwa mpangaji mpya wa karakana. Nilikwenda kumwuliza. Ni mama mshona mapazia, na aliniambia kwamba mbwa asiyebweka hana tatizo naye, ila anaogopa wenye mbwa wanaobweka, akanitazama mimi. Msimamizi wa jengo naye alisema hana ugomvi na mnyama, lakini barua ya warithi ikishafika mezani kwake, na nakala ya yenu imeshafika, itatekelezwa, na daktari wa mifugo ameshaitwa. Nilimkumbusha kwamba warithi ni watatu. Akanijibu kwamba wawili ni wengi kuliko mmoja, hesabu ambayo hata mimi sikuweza kuipinga.

Kero basi ni ya nani? Ni yenu. Wapita njia wanasema watoto walizika wakatawanyika, na mbwa ndiye aliyebaki msibani. Hilo ndilo linalowachoma. Karani anangoja "Haya" ya baba, na nyinyi mna haya ya kwenu, nayo mnataka kuitibu kwa sindano ya mbwa. Msione nimewasingizia. Kitinda mimba mwenyewe aliniambia kwamba siku hizi hupita barabara ya nyuma ili asionane naye uso kwa uso. Mwanamke mwenye watoto wawili anamkwepa mbwa mzee mwenye ukucha mmoja pungufu. Mwulize ni kwa nini.

Na usidhani mimi najitoa. Kuna jambo nimelificha miezi minne, nanyi mtalijua leo.

Siku ile ya mwisho ya baba nilipita karakana kumpelekea dawa za presha. Nilikuwa na haraka, kwa kuwa nilialikwa kuzungumza ukumbini, na mada yenyewe ilikuwa wajibu wetu kwa wazazi waliozeeka. Cheka, una haki. Baba alikuwa akipigilia mgongo wa kochi, na jasho lilimtoka kuliko kazi ilivyodai. Niliona. Nikaweka dawa juu ya sponji, nikageuka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkoba begani, Karani kalala miguuni pangu, aliposema, "Ngoja."

Msibani niliwaambia nyote kwamba hilo ndilo neno lake la mwisho, na kwamba alimwambia mbwa. Mkalipokea, mkalirudia kwa wageni, watu wakatikisa vichwa wakisema mnyama huyu ana imani. Nilisema uongo. Kabla ya kulitamka aliitema misumari yote kiganjani. Baba hakuwahi kutema misumari kwa ajili ya mbwa. Neno lilitoka wazi, halina chuma ndani yake, na macho yake yalikuwa kwangu. Nikamjibu kwamba nitarudi jioni. Nikamruka Karani, nikaenda ukumbini, nikasema vizuri sana, nikapigiwa makofi. Mteja aliyekuja kuulizia kochi lake ndiye aliyemkuta sakafuni.

Amri ilikuwa yangu. Mbwa aliidhania yake, akaitii. Nimeandika magazetini miaka ishirini na zaidi nikiwasuta watu kwa uvivu wa dhamiri zao, na zamu yangu mwenyewe inashikwa na mnyama ambaye hakuitwa. Unaweza kusema amekosea. Sawa, amekosea. Lakini sitakubali auawe kwa kukaa mahali ambapo mimi nilitakiwa kukaa, na wala sitamhurumia kwa machozi, maana machozi tunayo wote na hayajamsaidia mtu. Ukitaka kunichukia kwa niliyoyafanya, nichukie. Nimekupa sababu na sahihi yangu iko hapa chini. Mbwa mwache.

Nisalimie shemeji sana, umwambie simu yake ilikuja wakati wake. Wabusu watoto. Mungu akupe nafuu ya mgongo, maana safari ninayokuitia ni ndefu.

Wewe kaka, na wewe kitinda mimba utakayesomewa barua hii: Alhamisi ya kabla ya hiyo Ijumaa, saa nne asubuhi, fikeni ofisini kwa msimamizi wa jengo mfute sahihi zenu kwa mikono yenu. Simu haitoshi, na msitume mtu. Msipotokea, Ijumaa daktari atanikuta nimekaa kizingitini pamoja na Karani, na itambidi aniondoe mimi kwanza. Njooni Alhamisi.

Ni mimi mdogo wako,
mliyemwita Pilipili tangu hajaota meno