Santuri Niliyoishonea Ndani ya Kochi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Najua zile za nyuma ulizisoma umesimama mlangoni, mkoba begani, ukiharakia shuleni kwako, kisha ukanijibu kwa wino mwekundu kana kwamba bado niko darasa la tatu. Hii naomba uivulie viatu. Hujambo lakini? Shemeji hajambo, na wale wapwa zangu wanaonizidi kimo? Sisi huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu na anasema umenenepa kwenye picha. Nimemwambia hayo ni ya mawifi, mimi simo. Mgongo wangu ndio unaoleta ubishi. Tangu nitimize miaka hamsini umekuwa na maoni yake juu ya kila kochi ninaloinua.

Ulinituma kazi, nami nimeifanya, ingawa kwa namna ambayo ungenipa sifuri. Uliandika kwamba Baba amebadilika: simu anazikata upesi, akiulizwa hili anajibu lile, na jirani wa ukuta amekupigia mara mbili kulalamika. Ukasema mambo ni matatu tu, hakuna la nne. Ama kuna mwanamke anaitaka nyumba, ama kuna dini ya gizani inayowataka watu watoe nyumba zao, ama kichwa cha Baba kimeanza kuchoka. Lolote liwalo, mwisho wa mwezi utakuja na lori umhamishie kwako, kwenye kile chumba cha nyuma. Kabla ya hapo nikachunguze kimyakimya. Dada, ulimtuma kimyakimya mtu wa kilo mia moja na tatu ambaye viatu vyake vinalia. Lakini nilikwenda.

Nilianzia kwa jirani, maana lisemwalo lipo. Mama yule alinikaribisha kama aliyekuwa akinisubiri mwaka mzima. Alinieleza kwamba kila Alhamisi saa kumi alasiri mwanamke mmoja mwembamba, mavazi meusi juu hadi chini, huingia kwa Baba, na mara ya kwanza alibeba kitu bapa kimefungwa kwenye gazeti. Kisha ukuta huanza kutetemeka, vikombe vyake kabatini vikagongana meno, na sauti ya mtu asiye mtu ikanguruma hadi saa kumi na moja. Akaniuliza kama kwetu kuna historia ya mashetani. Nikamjibu kwamba kwa ninavyojua tuna historia ya kisukari tu.

Basi nikamwambia Baba kochi lake limekwisha springi, nilitengeneze palepale kwake. Alinitazama mdomoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta uongo kati ya meno, kisha akakubali. Nikalitoa kochi hadi barazani, nikalipindua miguu juu chini ya dirisha la sebule, nikajificha nyuma yake na nyundo yangu. Wewe ungecheka. Mimi nilikuwa na misumari kumi na miwili mdomoni.

Nikaona mambo, Dada. Taa ya sebuleni inawaka mchana kweupe, pazia limefunguliwa na jua limejaa. Viti viwili vimewekwa vikitazamana, magoti kwa magoti. Saa kumi mwanamke akaja, na hakubisha hodi. Alisimama dirishani akapunga kitambaa cheupe mara tatu, mpaka Baba akageuka na kwenda kumfungulia. Nikajiambia, ni nani huyo anayeingia nyumba ya watu kwa ishara kama askari wa majini? Wakaketi. Midomo yao ikawa inacheza lakini sauti haitoki, hata ya mnong'ono. Vidole navyo vikawa vinakatakata hewani, na Baba, yule Baba yetu ambaye tangu msiba wa Mama sijamwona akionyesha jino, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha wakavuta viti kwenye ile spika kubwa ya mbao ya gramafoni, wakaweka viganja juu yake, wakafumba macho. Ndipo muziki ukaanza.

Sikuujua muziki huo unaitwaje. Mtoto wangu wa mwisho amenieleza kwamba ni hevi metali, tena ile nyeusi yenyewe ya wenye roho ngumu. Siku ile mimi nilisikia kabati la chuma likiburutwa kwenye sakafu ya saruji, na nyuma yake mtu akilia kwa hasira kisimani. Nilimeza msumari mmoja. Usiogope, ulitoka.

Jumatatu Baba alipokwenda kunyoa, niliingia sebuleni nikaitafuta santuri ile. Nikaipata: santuri yenyewe nyeusi, jalada nalo jeusi, na juu yake picha ya kisima kinachotazamwa kutoka juu na mkono mmoja umeshika ukingo. Huwezi kujua kama unatoka au unazama. Dada, nitasema kweli: niliiweka juu ya goti niivunje. Hapo nikasikia lango. Kwa hofu nilitoka nayo mbio barazani, nikaichomeka ndani ya kochi kati ya sponji na mikanda, nikavuta kitambaa, nikaanza kupigilia. Baba akaja akasimama kuniangalia, akasifu mkono wangu. Kila akisifu nami napigilia msumari mwingine. Alipoingia ndani nilikuwa nimeifungia kwa misumari arobaini na miwili, kochi limekamilika kama la dukani. Huyo ndiye mpelelezi wako.

Alhamisi ikafika. Nilikaa palepale sebuleni, juu ya kochi, yaani juu ya ushahidi, nikijifanya nasubiri gundi ikauke. Yule mama wa mavazi meusi aliingia, akanisalimu kwa heshima kwa sauti nene isiyo na vipimo. Baba akaenda kwenye rafu kuitoa santuri. Hakuiona. Akapekua zote, moja moja, hadi zile za kwaya ya Mama. Akapiga magoti akatazama chini ya meza. Nilitegemea akasirike. Hakukasirika. Aliketi sakafuni, mikono imelegea mapajani, na uso wake ukawa ule wa siku tuliyorudi kutoka makaburini, uso ambao wewe hukuwahi kuuona.

Sikuweza kustahimili. Nikasema, Baba, ninayo mimi. Yuko hatua tatu kutoka kwangu, amenipa mgongo, hakugeuka. Nikasema tena kwa nguvu. Nikapaza sauti ya sokoni, vikombe vya jirani vikajibu. Hakugeuka. Aliyenijibu ni yule mama: aliniona mdomo, akainama akamgusa Baba bega, akamwonyesha kwa kidole kwamba mwanao anakuita.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ningependa uelewe polepole kama mimi.

Baba hasikii. Si kwamba anasikia kwa shida; hasikii. Miaka thelathini na moja ya kutengeneza mashine za kufumia nguo imemla masikio, na kilichobaki kimeisha mwaka huu. Yule mama alikuwa mfumaji kwenye kiwanda hichohicho, na masikio yake nayo yaliishia humo. Wenzake walimwita Mama Nyuzi. Mle ndani mashine mia mbili zilikuwa zikilia kwa pamoja, mtu hasikii hata kikohozi chake, hivyo wafanyakazi wote walizungumza kwa midomo na vidole. Walitaniana hivyo, waligombana hivyo, hata kuchumbiana. Ndiyo dini uliyoihofia. Taa ya mchana ni ili nyuso zionekane. Kitambaa dirishani ni kwa sababu hodi haina kazi. Na kuhusu nyumba, Mama Nyuzi anayo yake ya ghorofa, akaniambia ya Baba angepewa bure asingefugia kuku.

Walinitazama wote wawili nikiling'oa kochi langu zuri, msumari mmoja mmoja, dakika ishirini nzima. Baba alihesabu kwa vidole. Mama Nyuzi alisema jambo kwa midomo ambalo Baba alikataa kunitafsiria.

Santuri ilikuwa salama. Waliniwekea kiti cha tatu, Baba akakishika kiganja changu akakibandika juu ya mbao, kama alivyokuwa akitushikisha penseli.

Sasa nikueleze nilichokisikia, maana mara hii sikusikia kwa hofu. Ule mburuto wa mwanzo ni magitaa mawili yamelegezwa nyuzi mpaka yanakoroma, yanatembea pamoja kwa uzito kama wabeba jeneza wasiotaka kukosea hatua. Chini yao kuna ngoma. Dada, ngoma! Miguu miwili ya mpigaji inakimbia bila kupumzika, na Baba akaniambia sikiliza, huo ni ukumbi wa kufumia, mashine zote ziko sawa, mafuta yametiwa. Katika wimbo wa tatu mpigaji huyo huchelewa kidogo, nusu ya kupepesa jicho. Baba huisubiri sehemu hiyo kama mtoto anayesubiri sukari. Alisema pale uzi umekatika, na fundi ameuunga bila kusimamisha mashine, na asiyewahi kufanya kazi hiyo hawezi kujua uzuri wake. Mwimbaji naye ananguruma, ndiyo, lakini ukikaa naye unagundua kwamba hatishi mtu. Anaomboleza, na amekataa kuomboleza kwa adabu.

Nilimuuliza Baba, uso kwa uso chini ya taa, mbona asitafute kitu cha upole. Akaniambia nyimbo za kwaya za Mama zilimwondokea moja baada ya nyingine. Aliziweka, sindano ikazunguka, kiganja hakikupata kitu. Mama Nyuzi ndiye aliyekwenda kwenye meza ya mitumba akazijaribu santuri zote kwa mkono juu ya spika, kama anavyokagua kitambaa, mpaka akaipata hii inayofika kifuani. Kisha Baba akaniambia neno ambalo sijalimaliza kulitafuna. Alisema kila aliyekuja msibani alimwambia asilie, ajikaze, yeye ni mwanamume. Santuri hii ndiyo pekee ambayo haijamwambia asilie. Wimbo wa mwisho ni mrefu na wa polepole, gitaa moja tu linabaki likishuka ngazi, na hapo nililia mimi, fundi wa makochi, kati ya wazee wawili waliofumba macho.

Baba alikuficha haya kwa sababu anakujua. Alisema siku utakayopata habari utasema hawezi kuusikia moto wala mwizi, na atawekwa chumba cha nyuma kama mwavuli wakati wa kiangazi. Nilimsihi siku tatu. Mwisho akaridhia nikuandikie, ila nisikufiche kwamba hahami. Sakafu hii ya mbao humwambia nani ameingia. Kwako kuna vigae na watu wasemao huku wamegeuka. Mimi na wifi yako tumegawana zamu za kupita asubuhi na jioni. Naomba, lori lisije.

Hayo ndiyo niliyotumwa. Sasa yangu, na kwa haya nimechana karatasi nne.

Jumapili iliyopita ulipopiga simu nilikuwa kwa Baba. Niliiona ikiwaka, nikapokea mimi. Ukasema shikamoo Baba. Sauti yangu na ya Baba unajua zilivyo, hata Mama alikuwa akizichanganya, nami kwa kumlinda Baba nikaitikia marahaba, nikitaka nikate haraka kama yeye. Hukunipa nafasi. Ulianza kulia. Ukasema shule haikukunyima ruhusa wakati Mama amezidiwa. Kwamba hukuiomba kabisa, kwa sababu uliogopa kumwona akiwa vile, na kwamba lori hili na chumba hiki ni deni la wiki zile sita. Ukasema, Baba nisamehe.

Nami nikajibu, nimekusamehe, mwanangu.

Baba alikuwa ameketi mbele yangu. Aliniuliza nani, nikamwambia ni wewe unamsalimia, akatabasamu. Hajui lolote. Halafu Jumanne ukaniandikia ujumbe kwamba umelala usingizi wa kwanza tangu msiba, na mimi tangu hapo ndiye nisiyelala.

Nisamehe kwa kusikia lisilokuwa langu. Lakini usidhani nilikuwa naigiza tu. Wiki zile sita nilimgeuza Mama kitandani peke yangu, na nilikuchukia, Dada, kwa upole wote huu unaoujua. Neno lile liliponitoka nilishangaa kwamba ni kweli. Kwa hiyo msamaha ulioupata Jumapili haukuwa wa bandia. Ni wangu mimi mdogo wako, na sikunyang'anyi. Wa Baba bado uko kwa Baba. Njoo uombe mwenyewe, na umtazame usoni unapoomba.

Nisalimie shemeji na wapwa, uwaambie mjomba yupo na mgongo wake. Jirani anakusalimu pia. Sasa anabisha hodi kwetu kila Alhamisi kudai tupunguze, na Baba, kwa haki kabisa, hamsikii.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda na aliyekukosea,

Fundi