Jiko Jeusi la Mama Mkubwa

Jumanne, 1 Desemba 2015. Riyadh
Majivu, ndoo mbili. Jiko la kuni la Mama Mkubwa limepasuka mgongoni. Leo moshi umejaa chumbani badala ya kupanda bombani. Nimekohoa mpaka machozi. Mama Mkubwa, mamake bosi, amekohoa kunishinda na bado anataka moto. Kuhamia kwa mwanawe, mtaa wa Al-Malqa, hataki hata kusikia. Aliolewa ndani ya nyumba hii ya udongo na humu atakaa. Nimempigia bosi: tunahitaji jiko jingine.

Alhamisi, 3 Desemba
Dukani na bosi. Otieno, dereva, ametupeleka. Nilikuwa nimepima tundu la bomba paani kwa kamba. Nimechagua upesi: jiko jeusi la chuma kizito, sura mbaya, mlango unaomeza gogo zima la mgunga, shingo inayolingana na kamba yangu. Bosi hakulitazama. Amependa jiko la makaa, la shaba, lenye miguu ya nakshi. Muuzaji anaapa: makaa mafi moshi, hayana moshi kabisa, sasa bomba la nini? Bosi akafurahi. Kwake, kubadili bomba ni kuvunja paa, naye hapendi mafundi.

Kisicho na moshi ndicho kinachoua. Nimesema hivyo garini. Bosi amecheka. Otieno amenikanyaga mguu.

Jumamosi, 5 Desemba
Fundi ameondoa jiko la zamani, akaziba tundu. Chumba cha Mama Mkubwa sasa ni chungu chenye kifuniko. Dirisha ni moja, naye hulifunga kwa blanketi.

Kaka yangu Njoroge na mkewe walilala na jiko la makaa ndani, kule Kinangop, wakati wa baridi. Asubuhi hawakuamka; mimi ndiye niliyevunja mlango.

Siwashi.

Jumapili, 6 Desemba
Mama Mkubwa amedai moto. Nimekataa. Amenirushia kiatu, na shabaha bado anayo. Ameniita punda. Haya, punda. Nimewasha kuni uani, nikamtoa na kiti chake na mablanketi matatu. Alinuna saa nzima, kisha akaomba kahawa.

Jumanne, 8 Desemba
Bosi amekuja ghafla. Amemkuta mamake uani, majirani wawili wakimtazama. Aibu.

"Yalla, washa ndani sasa hivi!"

"Siwashi, bosi. Kama ni kazi, ichukue."

Nimelijaza mchanga jiko lake la shaba, mbele ya macho yake. Nimeogopa, sifichi. Lakini nimemweleza habari za Njoroge kwa Kiarabu changu kibovu, Mama Mkubwa akisikiliza.

Bosi amejibu: "Halas, basi. Kesho unaenda Jeddah kwa ndugu yangu. Huko hakuna baridi."

Anitume anakotaka. Afadhali nifukuzwe kuliko kuvunja mlango mwingine. Sijutii hata kidogo.

Jumatano, 9 Desemba
Nimeondoka. Mama Mkubwa hakuniaga, aligeukia ukutani. Imeniuma kuliko kile kiatu.

Jumatatu, 14 Desemba. Jeddah
Mtaa wa Aziziya. Joto. Nimeosha magari mawili, shati limelowa kabla ya saa tatu.

Otieno amepiga simu. Mama Mkubwa amegoma. Siku nne, mchana kutwa, amekaa uani kando ya moto aliouwasha mwenyewe. Kila aliyetaka kumwashia makaa chumbani alikula kiatu. Alimwambia mwanawe aletewe jiko alilochagua yule punda, la sivyo majirani waendelee kutazama. Bosi amelinunua. Jana fundi amevunja paa.

Otieno ametuma picha. Nimeikuza kwa vidole. Bomba limenyooka, na moshi unatokea juu.

Nimeitazama mpaka skrini ikazimika. Kisha nimeenda kuanika matambara.